Panya Akae Mwisho

Kuna kichekesho kifupi ambacho huwa nawasimulia watu kila mazungumzo yanapogusia kazi ya kuchekesha.

"Nimeishi naye miaka saba. Nikichelewa kurudi, namkuta kibarazani ananingoja. Nikimkaripia ananipa mgongo, hata chakula changu hakigusi. Wiki iliyopita uvumilivu ukaniishia. Nikamtoa nje usiku, nikafunga mlango kwa komeo. Alfajiri nafungua, yuko palepale kizingitini, ananitazama, mdomoni ana panya."

Watu hucheka. Siku nyingine, kwa kundi jingine, nakisimulia tena kwa maneno yaleyale, ila mwisho nausema hivi: "yuko palepale kizingitini, ana panya mdomoni, ananitazama." Sijaongeza neno wala sijapunguza. Kicheko kinachokuja safari hii ni hafifu, tena kimechelewa. Wengine hawacheki kabisa. Wanatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu akipewa zawadi asiyoihitaji.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, maana ndani ya tofauti hiyo ndogo mna karibu kila ninachojua kuhusu kichekesho. Katika usimulizi wa kwanza panya ndiye neno la mwisho. Msikilizaji akishalipata, mbele yake pana kimya, na ndani ya kimya hicho anarudi nyuma mbio: yule wa kibarazani, yule wa kununa, yule aliyefungiwa nje, wote wanageuka paka kwa mpigo mmoja. Katika usimulizi wa pili panya amewahi. Msikilizaji ndiyo kwanza anafungua kinywa acheke, mimi nambebesha neno jingine, "ananitazama", naye kwa heshima analipokea na kusubiri kama kuna zaidi. Kicheko hakipendi kusubirishwa mlangoni.

Vijana wanaopanda jukwaani Dar es Salaam na Nairobi huliita neno hilo la mwisho panchilaini. Wamelichukua kwenye Kiingereza, ambako kichekesho humalizika kwa ngumi. Wafaransa wanasema hadithi ina anguko. Wajapani nao wana sanaa yao ya rakugo, ambapo msimulizi mmoja hukaa juu ya mto akiwa na upepeo na kitambaa tu, akaigiza watu wote wa kisa. Mwisho wa kisa wanauita ochi, na neno hilo pia linatokana na kuanguka. Ngumi na anguko ni picha nzuri. Lakini mimi naona Kiswahili kilikuwa na picha iliyo bora kuliko zote mbili kabla hatujaazima ya mtu, nayo kila mtoto aliyewahi kukaa jioni na bibi yake anaijua.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Kutega ni kitenzi cha mwindaji. Anayetoa fumbo anaweka mtego, anayelijua anautegua. Wasikilizaji wakishindwa, wanampa mji, naye husafiri nao, akala akashiba, ndipo akatoa jibu. Wazee walioipanga michezo hii walielewa kwamba fumbo na mtego ni ufundi mmoja. Pana chambo kinachoonekana na kifyatuo kisichoonekana. Na la muhimu kuliko yote, mnyama hasukumwi. Anaingia kwa miguu yake, akifuata kitu anachokitaka mwenyewe. Mwindaji mzuri mtego unapofyatuka yuko mbali, hata harufu yake haipo.

Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili umeambiwa mapema kuwa hapa pana mtego. Mchekeshaji haambii mtu. Kazi yake ni kumfanya msikilizaji aamini kwamba anapita njia ya kila siku, na kuaminika huko kunatoka kwenye mambo madogo ya kweli. Kibaraza, komeo, chakula kisichoguswa: haya ndiyo majani anayofunikia kamba. Anayeanza kwa kusema "subirini, hii mtacheka sana" ameutangaza mtego wake mlangoni, na kuanzia hapo kila mtu anatembea akitazama chini.

Sasa sikiliza jinsi lugha yetu inavyomsaidia mtegaji, na jinsi inavyoweza kumponza.

Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume katika kitenzi, na wala hakimtofautishi mtu na mnyama. "Ananingoja" ni mke, ni baba mwenye nyumba, ni paka, ni mbu. Kichekesho changu chote kimejengwa juu ya silabi moja, a-, inayowabeba wote wenye uhai bila kuwauliza majina. Kwa Kiingereza ningelazimika kuchagua mapema kati ya kiwakilishi cha mwanamke, cha mwanamume na cha kitu, na uchaguzi huo ungepunguza giza ninalolihitaji. Kwetu giza hilo ni la bure.

Lakini jaribu kufanya vivyo hivyo na gari. "Nimeishi nalo miaka saba." Basi, umekwisha. Hilo -lo limetaja nusu ya jibu kabla hujafika sentensi ya pili, maana hakuna mke wala mpangaji anayeitwa "nalo". Ngeli zetu ni wambeya wazuri: kitu bado hakijatajwa, kiambishi kimekwisha kukitangulia na kumwambia msikilizaji kinaanzia wapi. Mchekeshaji wa Kiswahili, hata asiyejua neno ngeli lina maana gani, hujifunza kwa sikio kwamba vitu vya kificho viwe vya ngeli moja. Simu, ndoa, biashara, nyumba, dawa na njaa vyote vinakubali i-. Mtu akisema "imenitesa, imenimaliza pesa, na bado usiku nailaza kando ya mto wangu", anaweza kuwa anazungumzia lolote kati ya hayo, na msikilizaji huchagua lile linalomuuma.

Kuna pia suala la uzito wa maneno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo mkubwa; "ananitazama" peke yake ni sentensi nzima yenye mtendaji, wakati na mtendwa. Ndiyo maana sikio langu linapendelea kichekesho kiishie kwenye jina fupi, silabi mbili, mkazo mwanzoni, mlango ukafungwa. Panya. Na neno lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu. Ningesema "mdomoni ana samaki", msikilizaji angepotea, maana samaki hata mtu mzima anaweza kuonekana naye mdomoni. Panya anafunga kabisa mlango wa binadamu na papo hapo anafungua wa paka. Neno linalofunga bila kufungua linaacha watu gizani.

Aristotle aliliona hilo karne ya nne kabla ya Kristo. Katika kitabu cha tatu cha kazi yake kuhusu balagha anamtaja mshairi aliyekuwa akieleza mtu anatembea, na alipofika miguuni, msikilizaji akiwa tayari anasubiri makubadhi, akaleta vidonda vya baridi. Aristotle akaongeza sharti ambalo hadi leo sijaona anayelipinga: jambo lenyewe liwe wazi mara tu neno linapotamkwa. Likihitaji maelezo, limekufa.

Immanuel Kant naye aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huzuka pale matarajio yaliyovutwa kama kamba yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Hapo mimi namkatalia mzee wa Königsberg. Panya si si-kitu. Matarajio hayaishii hewani. Yanadondokea mahali pengine ambapo palikuwapo tangu mwanzo. Karibu zaidi na ukweli, kwa maoni yangu, alifika Victor Raskin, mwanaisimu aliyechapisha mwaka 1985 kitabu kizima juu ya maana katika vichekesho. Kwa Raskin, kichekesho ni maneno yaleyale yanayokubali habari mbili zinazopingana, na neno la mwisho ndilo linalomhamisha msikilizaji kutoka moja kwenda nyingine. Maneno ni yaleyale, na hapo ndipo penye heshima ya kazi hii.

Kwa sababu kichekesho kizuri hakidanganyi. Rudi kwenye paka wangu, usome nyuma mbele. Kukaa miaka saba ni kweli. Kungoja kibarazani ni kweli. Kunipa mgongo ni kweli, na kususa chakula pia. Kila aliyefuga paka anajua. Kila sentensi inasimama katika habari zote mbili. Ningetia "alinipigia simu kuniuliza niko wapi", ningepata mshangao mkubwa zaidi mwishoni, lakini ungekuwa wa wizi, na msikilizaji angeuhisi wizi huo hata kama asingeweza kuutaja. Ndiyo maana baadhi ya vichekesho hutuacha tukicheka kwa nusu roho: tumenaswa kwa uongo, na mtego wa uongo hauna mshindi.

Kuna neno moja la Kiswahili ninaloliona kuwa kitovu cha haya yote. Kumbe. Sijui lugha nyingi zenye neno dogo namna hiyo linalobeba kitendo kizima cha kugundua: nilidhani vile, nimeona hivi, na nilipodhani nilikuwa na sababu. Wasimulizi wa hadithi hulitumia kama bawaba ya kisa. Mwindaji akaingia pangoni, kumbe si pango, ni mdomo wa chatu. Katika hadithi ya kutisha au ya mafunzo hakuna ubaya msimulizi kulitamka. Katika kichekesho, kumbe ni mali ya msikilizaji. Msimulizi akilisema yeye, amekula chambo chake mwenyewe.

Jioni moja nilikaa katika ukumbi mdogo nikimtazama kijana aliyekuwa na kipaji cha wazi. Alitega vizuri, kwa utulivu, watu tukamfuata. Alipotoa neno la mwisho kikaja kimya kifupi, kile cha kawaida kabisa ambacho akili inakihitaji ili irudi nyuma na kuona. Kimya hicho hudumu kwa kadiri ya pumzi moja, lakini kwa aliye jukwaani ni kirefu kama foleni ya hospitali. Kijana akaogopa. Akasema, "Kumbe yule alikuwa baba mkwe wake!" Kicheko kilichokuwa kinakuja, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukisikia kikipanda kifuani, kikarudi kilikotoka. Niliumia kwa niaba yake. Tatizo halikuwa maneno yake. Alikosa imani kwamba sisi tuliokuwa mbele yake tungefika wenyewe.

Hadithi za Abunuwasi zimekaa pwani yetu kwa vizazi kwa sababu zinatuamini. Mwenye jina hilo alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa, ingawa yule tunayemsimulia Lamu, Unguja na Tanga ni mtu mwingine kabisa, mjanja wa mtaani asiyeshindwa na sultani wala tajiri. Waturuki wana Nasreddin wao, na visa vingi hupokezana kati ya wawili hao. Kile cha sufuria nakipenda kuliko vyote.

Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Siku ya kurudisha analeta ile kubwa na ndogo ndani yake, anasema sufuria yako imezaa. Jirani anazipokea zote mbili, anashukuru. Anaazima tena, na safari hii harudishi. Jirani anakuja kudai. Abunuwasi anampa pole: sufuria yako imekufa. Jirani anapiga kelele, tangu lini sufuria ikafa? Na Abunuwasi anamuuliza, ilipozaa mbona hukukataa?

Tazama mtego ulivyotegwa. Chambo ni kisufuria kidogo, na jirani kakifuata kwa tamaa yake mwenyewe. Kifyatuo ni neno lake alilolikubali kwa ulimi wake. Hakuna aliyemsukuma. Lakini kisa hiki kikisimuliwa kwa Kiswahili kina utamu wa ziada ambao sijui kama watu wa Baghdad au Anatolia wanaupata. Kwetu vitu hufa kila siku. Redio imekufa, gari limekufa, biashara imekufa, hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo jirani anapoambiwa sufuria imekufa, angeweza kabisa kuelewa kwamba imetoboka. Kisichowezekana kwa Kiswahili ni sufuria kuzaa. Hapo ndipo alipopaswa kupiga kelele, na hapo ndipo aliposhukuru. Anakataa lililo la kawaida baada ya kulikubali la ajabu, kwa sababu la ajabu lilimletea faida. Sijui hukumu ya tamaa iliyo kali kuliko hiyo, na imetolewa bila mtu kuhubiriwa.

Mpaka hapa nimezungumzia kichekesho cha mdomo, ambacho ni mtego wenye kifyatuo kimoja. Igizo fupi la kuchekesha, lile la jukwaani na la televisheni, lina shida yake tofauti. Igizo halitembei kuelekea neno moja. Linaanza na hali isiyo ya kawaida, hali hiyo inakua, inakua tena, watazamaji wanacheka kila hatua, halafu inafika mahali haiwezi kukua zaidi na bado watu wamesimama jukwaani. Unatokaje? Waandishi wengi wa maigizo watakwambia mwanzo huja usingizini na mwisho huja kwa jasho. Mara nyingi mstari wa kufungia ndio dhaifu kuliko yote iliyoutangulia, na unaharibu dakika nne nzuri.

Kundi la wachekeshaji la Monty Python, lililoanza kuonekana BBC Oktoba 5, 1969, lilichukua hatua ya ujasiri: liliacha kutafuta mwisho. Walikuwa wamemwona mchekeshaji Spike Milligan mapema mwaka huohuo, katika kipindi chake cha Q5, akiliacha igizo katikati na kuondoka zake. Wao wakaenda mbali zaidi. Igizo likichoka, michoro ya kuchezacheza ya Terry Gilliam iliingia na kulimeza. Au mwenzao Graham Chapman alitokea amevaa sare za kanali wa jeshi na kuamuru waache, upuuzi umezidi. Watu walicheka kwa sababu walikuwa wamezoezwa miaka na miaka kungoja mstari wa kufungia, na sasa kukosekana kwake kukawa ndiyo mfyatuko. Lakini ujanja huo unataka watazamaji waliokwisha kuzoea kanuni. Huwezi kuvunja mwiko usiowekwa.

Huku kwetu, kipindi cha Vioja Mahakamani cha KBC ya Kenya kilipata suluhisho jingine, na naliona kuwa moja ya mambo ya busara zaidi katika uchekeshaji wa Afrika Mashariki. Kiliweka vichekesho vyake ndani ya mahakama. Mshtakiwa yuko kizimbani, labda ni mhusika Ondiek Nyuka Kwota na visingizio vyake. Kiongozi wa mashtaka anauliza, mshtakiwa anajibu, na kila jibu linamzika kidogo zaidi, na kila mtu anaona anavyozama isipokuwa yeye. Hali inakua kadiri inavyotaka. Na mwisho? Mwisho ulikwisha kujengwa ndani ya jengo lenyewe: mahakama lazima itoe hukumu. Mwandishi hahitaji kuhangaika na mlango wa kutokea, kwa sababu hakimu ameketi mlangoni tangu dakika ya kwanza. Miongo mingi ya kipindi hicho inatokana, naamini, na uchaguzi huo mmoja wa mahali.

Kuna pia waigizaji ambao mfyatuko wao haukuwa neno hata kidogo. Amri Athumani wa Tanga, tuliyemwita King Majuto hadi alipotuacha Agosti 2018, angeweza kusema mstari wa kawaida kabisa, kisha akanyamaza na kutazama. Uso ule ndio ulikuwa neno la mwisho. Mwenzake katika igizo alikuwa amekwisha kujibu, kisa kimeendelea, na sisi sebuleni bado tuko kwenye macho ya mzee. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, yaani Benson Wanjau, alifanya jambo la jirani na hilo kwa lafudhi: matamshi yake yalikuwa yanatega na kufyatua ndani ya neno lilelile. Na mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kundi la Redykyulass waliposimama Nairobi kumwigiza Rais Moi angali Ikulu, mfyatuko ulikuja mwanzoni kabisa. Walter Mong'are alifungua kinywa, ile sauti nzito ikatoka, ukumbi ukapasuka kabla hajamaliza salamu. Kumbe inawezekana. Kumbe tunaruhusiwa. Kila alichosema baada ya hapo kilikuwa nyongeza.

Hilo linanirudisha kwenye swali lililonisumbua zaidi nilipoanza kuandika haya. Kama kichekesho ni mshangao, mbona tunacheka kwa vile tunavyovijua?

Jibu nililipata msibani. Babu yangu mzaa mama alipofariki, watani wake walikuja, kama watani wanavyokuja. Asiyekulia katika utani hushtuka kuona mtu anaingia kwenye kilio na kuanza mzaha, anajilaza njiani jeneza lisipite, anadai apewe haki yake kwanza. Kwetu ni heshima. Mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Mmoja wao alitoka ndani amevaa koti la babu, na fimbo ya babu mkononi. Tulimwona tangu akiwa mlangoni, hakuna aliyeshangaa. Alikwenda taratibu hadi mbele ya jeneza, akatoa sarafu mfukoni, akazihesabu mojamoja kwa kidole gumba, akazikaribisha machoni, vile hasa babu alivyofanya kila aliporudi dukani. Akazihesabu tena. Kisha akainua kichwa akatutazama sote na kusema, "Chenji yangu iko wapi?"

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini, na akiwa chini akalia kilio ambacho siku mbili hakikuwa kimetoka.

Hakuna habari mbili zilizogongana pale kwa namna ya kitabuni. Mtego ule alikuwa ameutega babu mwenyewe, kwa miaka sabini, kila jioni alipohesabu senti zake bila kujua kwamba tunamtazama. Mtani aliufyatua tu. Na tulichokigundua kwa mpigo mmoja hakikuwa habari mpya. Tuligundua jinsi tulivyokuwa tunamjua yule mzee, na kwamba hatutasikia tena sauti ile kwa mwenyewe. Kumbe hiyo ilikuwa yetu, na ilikuwa kubwa.

Ndiyo maana napata uchungu nikitazama vipande vingi vya kuchekesha vinavyozunguka sasa kwenye simu. Vipaji vipo, tena vingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Msichana wa miaka ishirini anaigiza mama, shangazi na dalali kwa dakika moja na kila mmoja anamtambua. Lakini linapofika neno la mwisho, picha inaganda, muziki unalipuka, uso unavutwa karibu mara tatu, na kicheko cha kwenye mashine kinaingia. Si jambo geni. Miaka ya 1950 Charley Douglass, fundi sauti wa televisheni Marekani, alitengeneza kisanduku maalumu cha kumwaga vicheko vilivyorekodiwa. Kisanduku kile na uso unaogandishwa vinafanya kosa lilelile la kijana wa ukumbini. Vinasema kumbe kwa niaba yetu. Ningemwomba yule msichana ajaribu mara moja tu kukata kipande chake palepale neno linapoishia, bila muziki, aone watu watakavyocheka kwa sauti zao wenyewe kwenye daladala.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha kisa cha sufuria, na bado anakisimulia kila familia inapokutana. Sisi wakubwa tunakijua neno kwa neno. Akianza, hatumtazami yeye tena. Tunamtazama mtoto yeyote ambaye hajawahi kukisikia, tunangoja uso wake ubadilike. Sikukuu iliyopita zamu ilikuwa ya mjukuu wake wa miaka sita. Mjomba alitega bila haraka. Alipofika ilipozaa-mbona-hukukataa akanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote, na sisi sote tukainama kumtazama mtoto.

Mtoto hakucheka. Alikunja uso akafikiri.

"Babu," akasema, "na kile kisufuria kidogo alibaki nacho nani?"

Mjomba amekisimulia kisa hicho kwa zaidi ya miaka arobaini. Alifungua kinywa ajibu, akakifunga, akanitazama mimi.